Kadi ya Kwanza ya Roscoe Teague

Bwana yule alibisha mlango wa mbele, na hilo peke yake lilitosha kumjulisha Irma Vrabel kwamba ni mgeni. Pale mjini Lorain, mtaa wote ule wa nyuma ya kiwanda cha chuma, watu huingilia jikoni. Irma akafuta mikono kwenye aproni, akapunguza moto chini ya sufuria ya kabichi, akapita sebuleni kwa kunyata. Mumewe, Emil, alikuwa amelala pale palipokuwa na kochi zamani, kwenye kitanda cha hospitali kilicholetwa mwezi wa tano, uso kauelekeza dirishani, mrija wa oksijeni puani, na mashine yenyewe ikivuma miguuni pake kama friji kuukuu.

Mlangoni alisimama mwanamume wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi vizuri, kwapani kabana mkoba mweusi mwembamba.

“Kama ni saini, mzee hasaini tena,” Irma akasema kabla hajaamkiwa. “Mkono unamtetemeka. Niachie bahasha yenye stempu, nitakurudishia kadi yako kama ilivyo.”

Maneno hayo alikuwa ameshayasema mara nyingi, na kwa wengi. Miaka na miaka watu wapenda kadi za picha za wachezaji wa besiboli walikuwa wakiandika barua kwenye nyumba ile, na ndani ya kila bahasha mlikuwa na kadi ileile: kadi ya kwanza kabisa ya Roscoe Teague. Huyo Teague alikuwa mrushaji wa kumalizia, yule anayekaa pembeni mchezo mzima, akaitwa mwishoni wakati wenzake wamechoka na ushindi unataka kuponyoka. Watu walimwita Kufuli, maana akishaingia hakuna afunguaye. Lakini kwenye kadi ile, chini kukiwa kumeandikwa jina la Teague wazi kabisa, sura haikuwa ya Teague. Ilikuwa ya Emil Vrabel, kofia kaisukuma nyuma, kidevu chenye kishimo, anatabasamu kwa upande mmoja. Kampuni iliyochapisha kadi ilichanganya picha, ndivyo ilivyojulikana, na kosa lenyewe ndilo lililoifanya kadi ipendwe. Wapenda kadi walitaka saini mbili, ya Teague kwa ajili ya jina na ya Emil kwa ajili ya uso.

“Sikuja kwa saini, mama,” mgeni akasema. “Naitwa Terrell Maddox. Kazi yangu ni kuchora. Klabu ya Teague ndiyo iliyonituma.”

Irma akaufungua mlango wote. Tangu siku Emil alipoacha kazi pale klabuni, akaagwa kwa saa ya mkononi na kopo la nyama ya nguruwe, klabu haikuwahi kumtuma mtu nyumbani kwao.

Alimketisha jikoni, akamkatia mkate wa njugu, akammiminia kahawa. Maddox alisogeza chupa ya jamu kwa uangalifu, akapangusa meza kwa kiganja, ndipo akatoa kadi kutoka mkobani, kila moja ndani ya plastiki yake, akazipanga kwa miaka. Zilikuwa kumi na moja.

“Tarehe ishirini mwezi wa nane ni Siku ya Teague,” alisema. “Kila atakayeingia getini atapewa seti nzima. Watu elfu kumi na tano. Mimi nazichora upya zote. Siziharibu, mama. Nazitoa makunyanzi, nabadilisha fremu na herufi, narudisha rangi zilizopauka. Lakini mtu akiishika aseme, hii ndiyo ile niliyokuwa nayo mfukoni nikiwa darasa la nne.”

Alikuwa akiongea kama mtu anayeonyesha picha za wanawe. Akasogeza kadi moja mbele. “Hii, kwa mfano. Siku ya picha alikuwa bado na timu nyingine, ikabidi apakwe kofia yetu kwa brashi juu ya picha. Iangalie.”

“Kama kifuniko cha sufuria,” Irma akasema.

“Ndivyo hasa. Hiyo nimeiacha. Nikiiondoa watanipiga mawe.”

Wakacheka wote wawili. Kutoka sebuleni Emil akauliza kwa sauti ya upepo, “Nani?”

“Mtu wa kadi.”

“Mwambie mkono…”

“Nimeshamwambia. Lala.”

Maddox alikuwa ameweka kidole juu ya kadi ya kwanza na hakukiondoa. “Hii ndiyo iliyonileta,” alisema taratibu. “Klabu wanataka safari hii awepo Teague mwenyewe. Sasa picha yake ya mwaka ule haipo, ya ujana ule, kabla hajafuga masharubu. Nimemwuliza mjane wake, hana, nyumba yao iliungua zamani. Akaniambia, mzee Vrabel alikuwa na albamu.”

Irma aliitazama ile sura iliyokuwa chini ya kidole cha mgeni. Aliijua kuliko alivyoujua uso uliokuwa umelala sebuleni.

“Kwa hiyo umekuja kumtoa mume wangu,” akasema, “na picha ya kumtolea nikupe mimi.”

“Sikusema hivyo, mama. Ni kusahihisha tu. Watalipa dola mia mbili kwa kuiazima, na itarudi bila hata alama.”

“Kunywa kahawa, inapoa.”

Maddox alipoaga, alifungiwa kipande cha mkate kwenye karatasi, kwa kuwa Irma, hata akiwa amekasirika namna gani, hakuweza kumwacha mtu atoke mikono mitupu.

*

Binti yao Paulette alirudi kutoka kazini kwenye duka la dawa saa kumi na moja, viatu kavulia mlangoni, miguu imevimba. Alikuwa na miaka arobaini na minane, na tangu alipoachana na mumewe alikuwa akilala kwenye chumba chake cha utotoni, chini ya karatasi za ukutani zenye farasi.

“Mpe,” alisema baada ya kusikia yote. “Picha ya mtu aliyekufa tunaifanyia nini?”

“Wewe huelewi.”

“Naelewa, mama. Baba hajawahi kuwa na kadi. Ana sura tu kwenye kadi ya mtu.”

“Ndiyo hiyohiyo iliyopo.”

Na kweli ndiyo iliyokuwepo. Kadi ile ilibandikwa kwenye kioo cha kinyozi. Ijumaa za kula samaki pamoja kwenye ukumbi wa parokia, wazee wenzake wa kiwandani walimwita Emil kwa kelele toka upande wa pili, “We Teague, sogeza chumvi,” naye akaisogeza akitabasamu kwa ule upande mmoja. Hakuna aliyemkumbuka kwa ile miaka ishirini na miwili ya kiwandani iliyomla mapafu. Walimkumbuka kwa kadi. Na hata hapo hakuwa mtu mkubwa. Teague alipozikwa, majira ya baridi yaliyopita, Emil alikwenda na mtungi wake wa oksijeni ukivutwa kwa magurudumu, na kijana wa mlangoni akamwuliza, “Ninyi ni wa upande gani?” Emil akasema, “Nilikuwa nadaka mipira yake.” Kijana akatazama karatasi yake juu na chini, kisha akawaelekeza kwenye ukumbi wa pembeni wenye televisheni.

“Na hiki kidogo nacho wanakichukua,” Irma akasema. “Wangesubiri wiki tatu. Nesi anasema tuhesabu wiki. Wangesubiri tu.”

Paulette akakaa, akaanza kujikanda nyayo. “Basi usichukue dola. Omba kitu kingine.”

“Kitu gani?”

“Si anachora? Akuchoree baba. Kwa jina lake.”

Irma alifunika sufuria, akafunua tena, akafunika. Wazo lenyewe lilimwingia mwilini kama chai ya moto.

*

Maddox alifanyia kazi juu ya duka la viatu lililofungwa, ambalo ngazi zake bado zilinuka ngozi na gundi. Ukutani alikuwa ametundika kadi za Teague zilizokuzwa hadi ukubwa wa taulo. Irma, aliyependa kuona jambo linavyofanywa, alisahau kwa muda alichokuja kusema. Alionyeshwa jinsi picha ya zamani, ukiisogelea, ni vidoti tu, vyekundu na vya buluu na njano, na jinsi Maddox alivyosafisha doa moja moja bila kuvigusa vidoti vya ngozi, ili mtu asije akafanana na sanamu ya nta.

“Picha ninayo,” Irma hatimaye akasema. “Hela sitaki. Nataka kadi moja ya Emil. Fremu hiihii, herufi hizihizi, chini jina lake.”

Maddox alijikuna shingo. “Klabu hawatakubali, mama. Hakusajiliwa kama mchezaji.”

“Sikusema klabu waigawe. Nimesema wewe uichore.”

Akafikiri, na ilionekana wazi kwamba hakuwa mtu mbaya. “Nitakuchapishia kumi. Zangu mwenyewe, hakuna wa kuniuliza.” Akavuta karatasi na penseli. “Mbele ni rahisi, sura ninayo. Nyuma tunaweka nini?”

“Nyuma?”

“Nyuma ndiko wenyewe wanakoanzia kusoma. Uso mtu anautazama mara moja, halafu anageuza. Michezo aliyocheza?”

“Hakucheza. Alikuwa mdakaji wa mazoezi, miaka tisa. Teague akianza kupasha mkono moto, anayedaka ni Emil.”

“Kwa hiyo michezo…” Maddox akaandika sifuri, ndogo, kama anayeona haya. “Kupiga?”

“Andika hiyohiyo.”

“Kufunga?”

“Hiyohiyo, bwana.”

Sifuri zikawa tatu kwa mstari, kama mayai kwenye trei. Irma alizitazama mpaka akahisi uso unamchoma.

“Na mipira aliyodaka? Kila siku mia, mia na hamsini, miaka tisa, mingine imemvunja vidole. Hiyo hamhesabu?”

“Hakuna aliyekuwa akiiandika, mama.” Maddox akaweka penseli chini. “Tunaweza kuweka maneno. Kadi za zamani zilikuwa na sentensi mbili tatu, huyu anafuga njiwa, huyu anapenda kuvua samaki. Mimi ningependa jinsi lile kosa lilivyotokea. Kila mtu anajua picha zilichanganywa, hakuna anayejua zilichanganywa vipi. Mzee atakuwa anakumbuka.”

“Nitamwuliza mwenyewe,” Irma akasema, na akashuka ngazi akiwa amefurahi kidogo, maana sasa palikuwa na kitu cha kuandikwa.

*

Alimwuliza kesho yake alasiri, akimnyoa. Alikuwa amemwinua kwa mito mitatu, kampaka povu, na shavu la kulia lilikuwa tayari limeshanyolewa.

“Bwana wa kadi anataka kujua lile kosa lilitokeaje. Ataliandika nyuma ya kadi yako.”

Emil alimgeuzia macho.

“Hakukuwa na kosa,” akasema.

“Usiongee, nitakukata.”

“Hakukuwa na kosa, Irma. Nilikaa mwenyewe.”

Wembe ukasimama hewani.

Alimsimulia kwa vipande, akipumzika kila baada ya maneno manne matano. Ilikuwa mwezi wa tatu, kwenye kambi ya mazoezi Florida, mwaka mmoja kabla hajajuana na Irma. Teague alikuwa na miaka ishirini na miwili, mkono ambao mfano wake haujawahi kuonekana, na koo la pombe nalo hivyohivyo. Kocha alikuwa amekwisha kumwonya: ikitokea tena, anapanda basi kurudi kwao. Asubuhi ile akaja mpiga picha wa kampuni ya kadi na orodha yake, mtu asiyemjua yeyote kwa sura. Teague alikuwa kwenye mahabusu ya polisi, alikuwa amekutwa amelala ndani ya gari la mtu. Emil alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyepigiwa simu. Jina la Teague likaitwa. Kocha alikuwa hatua kumi tu, kageuza mgongo, anaongea na waandishi wa habari.

“Nikavaa shati lake. Nikakaa kwenye kigoda.”

“Na wenzako?”

“Walicheka. Mzaha wa namna hiyo ulikuwepo kila mwaka.”

Irma akasuuza wembe polepole kwenye beseni. “Basi ulimwokoa rafiki. Si aibu hiyo. Kwa nini unifiche miaka hamsini? Uliniambia ni kampuni, nami nikamwambia kila mtu ni kampuni.”

“Nilikuwa kwenye orodha,” Emil akasema.

“Orodha gani?”

“Ya mpiga picha. Mwaka ule nilikuwa kwenye majaribio, mdakaji wa tatu. Teague wa kumi na nne, Vrabel wa kumi na tisa.” Akavuta pumzi, mashine ikamvutia nyingine. “Waliponiita, ningekaaje tena? Sura ileile, dakika ishirini baadaye? Angeuliza. Kocha angegeuka.”

“Ukafanyaje?”

“Nikajificha chooni. Mtu akasema nimekwenda kung’oa jino. Nikamsikia yule bwana anasema, haya, basi mwakani.”

Mwakani goti lake likawa limekwisha, asiweze tena kucheza mechi, hilo Irma alilijua. Alikaa ukingoni mwa kitanda, taulo begani. Povu lilikuwa linakauka kwenye shavu la kushoto.

“Na ile kazi ya udakaji?” aliuliza. “Miaka tisa?”

“Roscoe aliwaambia hatarusha bila mimi.”

“Kumbe alikuwa anakulipa fadhila.”

Alijuta papo hapo. Aliona maneno yanaingia, na yalivyoingia. Emil aligeuza uso dirishani.

“Nilidaka vizuri,” akasema mwishowe. “Hilo lilikuwa langu.”

“Ulidaka vizuri, Emil. Nisamehe.” Akamshika mkono. “Nitawaandikia. Yote, kama yalivyokuwa.”

“Huandiki.”

“Amekufa. Hana cha kupoteza.”

“Miaka thelathini amezunguka mashuleni akiwaambia watoto hajawahi kuonja pombe. Na tangu siku ile hakuonja tena, hilo ni kweli kabisa. Wajukuu wake watasimama uwanjani. Unataka wasome kwenye kadi?”

“Na wewe usomwe wapi?”

Emil akagusa shavu lake kwa kidole. “Malizia huku. Linawasha.”

Irma akalipaka povu upya, akamnyoa, akamfuta nyuma ya masikio. Alikuwa anakunja taulo aliposikia tena ile sauti ya upepo.

“Uongo usiandike. Na ukweli usiuandike.”

“Sasa kitabaki nini?”

“Jina.”

*

Albamu ilikuwa chini ya mashuka ya Krismasi. Picha yenyewe Emil aliipiga mwenyewe kwa kamera ya kuazima, na alimwambia Irma ni ya siku mbili baada ya ile asubuhi. Teague amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafunga kamba za kiatu, kainua uso kama aliyeitwa ghafla. Ni kijana mno. Macho mekundu pembeni.

“Hii ni dhahabu,” Maddox akasema, akiisogeza dirishani. “Amechoka kidogo. Haya macho nitayasafisha.”

“Yaache.”

“Mama, ni doa dogo tu…”

“Ulisema huondoi ile kofia. Na macho usiyaondoe.”

Akamtazama, akaona bora asibishane. “Sawa. Na sentensi za mzee?”

Irma alikuwa ameziandaa tangu asubuhi, akiosha vyombo, akikunja nguo: sentensi tatu, nzuri, hazikuwa na neno la ziada. Alizisikia zikisimama nyuma ya meno yake.

“Hakuna,” alisema. “Na zile sifuri zifute.”

“Niache tupu?”

“Tupu.”

“Watu watadhani mtambo uliharibika.”

“Wadhani.”

Wiki iliyofuata Maddox alizileta mwenyewe, na safari hii aliingilia jikoni. Kadi kumi, zimefungwa kwa utepe wa karatasi. Sura ileile, kofia imesukumwa nyuma, tabasamu la upande mmoja, na chini, kwa herufi nene za njano, EMIL VRABEL, na kwa herufi ndogo, mdakaji. Irma aliiweka moja kiganjani mwa mumewe. Emil aliisogeza karibu na macho, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Kisha akaigeuza, kama wanavyofanya wote. Akapitisha kidole gumba kwenye ule upande mweupe, juu hadi chini, kama mtu anayepima vumbi.

“Karatasi nzuri,” alisema.

“Mzee ameridhika?” Maddox akanong’ona.

“Muulize mwenyewe, yupo,” Irma akajibu.

Lakini Emil alikuwa ameshafumba macho, kadi kifuani, na walipotaka kuitoa vidole vilikataa. Paulette akasema iacheni. Ikakaa hapo siku nne, pamoja na homa, pamoja na padri, na Jumatatu alfajiri vidole vikaachia vyenyewe.

*

Irma hakutaka kwenda Siku ya Teague. Paulette ndiye aliyesema tiketi mbili zimeletwa na Maddox, na wasipokwenda nani atajua kama kazi imefanywa sawasawa. Wakaenda na makoti mepesi, kwani jua lilikuwa linawaka lakini upepo wa ziwani ulipiga uwanjani mpaka kwenye viti vya juu. Getini msichana aliwakabidhi bahasha kila mmoja bila kuwatazama. Irma aliifungua akiwa ameshakaa.

Kadi ya kwanza ilikuwa juu. Kijana juu ya ndoo. Maddox alikuwa mwaminifu, wekundu wa macho ulikuwepo, kidogo tu, anayejua ndiye angeuona. Irma alitafuta ndani yake chuki kwa kijana yule, akaikosa. Alikuwa mtoto aliyeogopa.

Mwanamume mnene kwenye kiti cha jirani alikuwa naye kaitoa yake. “Afadhali,” alimwambia mkewe. “Hatimaye wamemwondoa yule mtu.”

“Mtu gani?”

“Yule wa kadi ya zamani. Hakuwa mtu, jamaa wa mipira ya mazoezi tu.”

Paulette akaweka soda chini. Irma akamgusa goti.

“Alikuwa mume wangu,” Irma akasema, akiangalia uwanjani.

Mwanamume akavua kofia, nayo haikumtoka kwa urahisi. “Nisamehe, mama. Mdomo wangu huu, hata mke wangu anaujua.”

“Naujua,” mkewe akasema. “Mume wako yupo, mama?”

“Tumemzika wiki iliyopita.”

“Jamani. Pole. Poleni sana.”

Lakini mwanamume alikuwa mpenda kadi, na mpenda kadi hawezi kuzuia swali lake zaidi ya dakika mbili. “Samahani, mama, nimekuwa nikijiuliza tangu utoto. Ilikuwaje? Mpaka sura ya mwingine ikaingia?”

Chini, kwenye nyasi, familia ya Teague ilikuwa inatolewa nje: mjane kwenye kiti cha magurudumu, na wajukuu wanne waliovaa shati la babu yao, mdogo kabisa shati likimfika kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa anapunga mkono kwa watu asiowajua.

“Kampuni ilichanganya picha,” Irma akasema.

“Basi tu hivyo?”

“Basi tu hivyo.”

“Watu wazima na kazi yao.” Mwanamume akatikisa kichwa. “Hata jina hawakuangalia?”

“Hawakuangalia.”

“Baba mwenyewe hakujua mpaka alipoiona dukani,” Paulette akaongeza, na sauti yake ilikuwa imepata uhai kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kwa kuwa ni hadithi aliyokua nayo, na sasa palikuwa na mtu wa kumsimulia. “Alikuwa amekwenda kununua maziwa. Akaiona, akacheka mpaka muuzaji akadhani ana wazimu. Eti, mama?”

“Eti,” Irma akasema. “Alicheka sana.”

Kipaza sauti kikawaomba watu wasimame kwa heshima ya Roscoe Teague. Uwanja mzima ukainuka, viti vikagonga, na makofi yakaanza upande wa mbali, yakazunguka mpaka yakawafikia. Irma naye alisimama. Alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha, akaendelea wenzake walipoanza kukaa, na Paulette, akimvuta koti taratibu, akamwambia, “Yatosha, mama. Keti sasa. Hata Teague hukuwa ukimpenda hivyo.”